Sindano ya Shingo

"Lala chali, dada. Kidevu juu. Juu zaidi. Hapo hapo, na usimeze mate."

Martina alilala. Kitanda kilikuwa chembamba, kimetandikwa taulo la waridi lililofuliwa mpaka likapoteza manyoya. Ilikuwa saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha saluni moja ya Nyahanga, mjini Kahama. Chumba cha mbele dada mmoja alikuwa anasukwa huku redio ikiimba kwaya. Huku nyuma palikuwa na pazia, feni, na Salome mwenye saluni, amevaa glavu, ameshika sindano mkono mmoja na kichupa mkono wa pili.

"Salome, hiyo dawa inaitwaje?"

"Dawa ya kukaza ngozi."

"Mbona kichupa hakina karatasi?"

"Ilibanduka kwenye friji. Dada, wewe ni mwalimu au polisi?"

Martina alikuwa mwalimu. Miaka ishirini na tatu alikuwa amefundisha watoto kusoma maandishi ya kila kitu kabla hawajakitia mdomoni. Alijua kabisa kwamba wakati huo ndio wa kuinuka, avae viatu, aage. Lakini kila alipotaka kuinuka aliliona jicho la mama mmoja wa Kagongwa likiwa limetulia juu ya shingo yake, akabaki amelala.

Alikuwa na miaka arobaini na nane, mjane mwenye binti mmoja, Generosa, aliyekuwa chuoni Dodoma. Mumewe alipofariki, miaka saba iliyopita, Martina alikuwa mwanamke mnene wa kujaza mlango. Msiba ukamla. Kilo zikashuka, mwili ukajikusanya upya, watu wa mtaa wa Kambarage pale Shinyanga wakamsifu kwamba amekuwa msichana. Ila shingo haikurudi. Ngozi ikabaki inaning'inia chini ya kidevu, mikunjo miwili inayotikisika akicheka. Haikumsumbua, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumtazama kwa karibu.

Kisha akaja Enock, fundi wa mitambo kutoka mgodini Geita, kijana wa miaka thelathini na sita wakati huo, kuitengeneza pampu ya maji ya shule. Kazi ya siku moja ikamchukua siku nne. Ofisi nzima ya walimu ilijua pampu haikuwa mgonjwa kiasi hicho. Siku ya nne alimfuata Martina chini ya ukuta wa darasa la nne akamwambia, "Mwalimu, pampu imepona jana. Leo nimekuja kukuona wewe." Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Wiki tatu kabla ya asubuhi hii, Enock alimpeleka nyumbani kwao Kagongwa kumtambulisha. Walimpokea vizuri, kuku akachinjwa. Baada ya chakula, wakiwa wanaosha vyombo uani, Rhoda, mdogo wake Enock, akasogea na kusema kwa sauti ya chini, akitabasamu:

"Wifi, usinichukie. Hiyo shingo yako haifanani na miaka tuliyotajiwa."

Mama yao alikuwa kwenye kigoda hatua mbili tu kutoka pale. Alisikia. Hakumkemea binti yake. Aliinua macho akaitazama shingo ya Martina, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Siku mbili baadaye Enock akapiga simu. "Mama anaomba muda kidogo. Wazee watakaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndipo watujibu."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mpenzi. Mambo ya wazee tu."

Martina hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alisimama mbele ya kioo akaishika ile ngozi, akaivuta nyuma kwa vidole, akamwona mwanamke mwingine. Akaiachia. Ikaanguka.

Alianza kwa njia iliyo sahihi. Alipanda basi kwenda Mwanza kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mpole mwenye miwani, ambaye aliivuta ngozi kwa vidole viwili, akaiachia, akaangalia inavyorudi taratibu.

"Nikwambie ukweli au nikufurahishe?"

"Ukweli, daktari."

"Krimu zitalainisha ngozi ya juu, na utalazimika kujikinga na jua kila siku. Ngozi iliyokwisha kuning'inia hazitaiinua. Kuna mashine za joto, zinakaza kidogo kidogo. Unarudia mara kadhaa, unaona mabadiliko baada ya miezi, na kwa iliyolegea hivi mabadiliko yenyewe ni haba. Kuna nyuzi zinapitishwa chini ya ngozi, zinashika kwa muda kisha zinaachia. Dawa yake hasa ni upasuaji. Wanakata nyuma ya masikio na chini ya kidevu, wanavuta, wanashona. Huo anaufanya bingwa, si mwingine, na utakaa na uvimbe na makovu mapya kwa wiki nyingi."

"Mimi nina wiki mbili tu."

Daktari akavua miwani. "Basi huna njia, mama. Na atakayekwambia anayo ya wiki mbili, mkimbie."

Hakumkimbia. Namba ya Salome aliipata kwenye kundi la akina mama la WhatsApp. Kwa Enock alisema anakwenda semina ya walimu Kahama.

"Utasikia moto kidogo," Salome alisema sasa.

Haukuwa kidogo. Sindano ya kwanza iliingia chini ya kidevu, kitu kikatambaa ndani ya nyama mithili ya pilipili iliyopondwa. Martina akakamata kingo za kitanda. Ya pili ikaingia upande wa kushoto. Machozi yakamtoka yenyewe, yakashuka mpaka masikioni.

"Bado nane," Salome akasema, akivuta dawa nyingine.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ilipopasua kwaya ya redioni.

"Salome! Toka nje! Toka uone ulichonifanya!"

Salome akaiweka sindano kwenye sahani ya bati. "Usiinuke," alimwambia Martina, akapita pazia.

"Scolastika, dada yangu, mbona kelele mbele ya wateja?"

"Wiki ya tatu hii donda linatoa usaha! Mume wangu amehama chumba kwa harufu!"

"Nilikukataza dagaa. Umekula dagaa."

"Dagaa ndio wameoza shingoni kwangu?"

Martina aliinuka. Alisogeza pazia kiasi cha jicho moja. Mwanamke wa makamo yake alikuwa amesimama katikati ya saluni anafungua kanga aliyojizungushia shingoni, na pale chini ya kidevu, mahali palepale yeye alipochomwa, palikuwa na kidonda cheusi upana wa kizibo cha soda, kingo zake nyekundu. Dada aliyekuwa anasukwa alipiga yowe, akaziba mdomo.

Martina hakusubiri. Alibeba pochi na viatu mkononi, akatokea mlango wa nyuma, akapita katikati ya kamba za nguo mpaka barabarani. Alitembea peku, viatu bado mkononi.

Mwanzoni alihisi ngozi ikikaza. Kwa dakika moja, Mungu amsamehe, alifurahi. Kisha ikaendelea kukaza. Alijishika, akakuta kidevu na shingo vimekuwa kitu kimoja. Akameza mate, yakapita kwa shida. Akasimamisha bodaboda.

"Hospitali," akasema.

"Wapi, mama?"

"Hospitali."

Dereva aligeuka kumtazama, kwa kuwa sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu aliyefunikwa mto usoni. Alipoiona shingo yake hakuuliza tena, alikanyaga gia.

Simu ikaita wakiwa njiani. Alikuwa Enock, nyuma yake mitambo inanguruma.

"Mpenzi, semina inaendaje?"

"Enock." Alivuta pumzi, ikaingia nusu. "Sipo semina. Nimechomwa sindano. Navimba. Naenda hospitali Kahama."

"Sindano gani?"

"Ya shingo."

Ngurumo ya mitambo ikaanza kufifia nyuma yake. "Martina, hukusema... Nakuja. Unanisikia? Nakuja sasa hivi."

Alitaka kumwambia kuhusu Generosa, kwamba lolote likitokea mtoto asiambiwe akiwa kwenye mtihani. Sauti haikutoka. Kutoka Geita mpaka pale ni mwendo wa saa tatu. Akajiuliza kama koo lake lina saa tatu.

Hospitalini walimkimbiza. Wakamlaza, wakamtundikia dripu, wakamchoma mshipani, wakamvalisha kinyago cha oksijeni. Daktari wa zamu, Dkt. Masalu, kijana mwenye macho ya usingizi, alimuuliza jina la dawa aliyochomwa.

"Sijui."

"Rangi?"

"Kama maji."

Hakumgombeza, na hilo lilimtisha zaidi. Alichukua kalamu akachora mstari kuzunguka uvimbe, kutoka sikio moja, chini, mpaka sikio la pili. "Sikiliza, mama. Uvimbe usipovuka huu mstari, tunasubiri dawa zifanye kazi. Ukivuka, tutakupitishia mpira kooni upumue. Nesi ataangalia kila robo saa."

Kila robo saa nesi aliinama juu yake na tochi, na kila alipoinama Martina hakuiangalia tochi. Aliangalia macho ya nesi, kutafuta kama yatashtuka. Katikati ya hapo alihesabu pumzi. Aliogopa kulala, akidhani pumzi zikikosa msimamizi zitaacha njia.

Ilipofika saa sita, mlango wa wodi ulifunguliwa akaingia mtu ambaye Martina angelipa chochote asimwone siku ile. Alikuwa Mama Enock. Alikuwa na kikapu mkononi, viatu vyeupe kwa vumbi la barabara ya Kagongwa. Alisimama miguuni pa kitanda, na jicho lake, kama siku ile uani, likatua shingoni.

"Shikamoo, mama," Martina alinong'ona ndani ya kinyago, akijaribu kuinuka.

"Marahaba. Lala. Usiongee kama kunauma." Akavuta kiti. "Enock kanipigia simu analia. Tangu tumzike baba yake sijasikia kilio hicho. Kaniambia, mama, wewe ndiye uko karibu, nenda kamwangalie mke wangu." Akakiweka kikapu chini. "Kasema mke."

Martina alifumba macho.

"Mama Generosa, nani kakupeleka kwa watu hao?"

"Nimejipeleka."

"Kwa nini?"

Angeweza kusingizia maumivu. Lakini mtu anayehesabu pumzi zake hana nafasi ya kutunga. Akasogeza kinyago pembeni. "Kwa sababu ya hii shingo, mama. Rhoda alisema haifanani na miaka yangu. Na wewe ukaniangalia. Nikajua ndiyo inayonikosesha mume."

"Mayu!" Mama Enock alishika kifua. "Yaya, yaya, hapana. Mimi? Nilikuangalia, sikatai. Nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Miaka. Mwanangu alituambia una arobaini na moja."

Martina alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alisahau kuvuta pumzi, akashtuka, akaivuta kwa nguvu.

"Arobaini na moja?"

"Ndivyo alivyotutajia, mbele ya baba zake wadogo. Mimi nina sitini, nimezaa saba. Shingo ya mwanamke wa arobaini na moja naijua. Sikuwa natafuta uzuri, ng'wanone, mtoto wangu. Enock ndiye mwanangu wa kiume aliyebaki. Nilikuwa natafuta kama bado kuna mjukuu."

Wodi ilikuwa na watu, mtoto mmoja analia, mtu anaburuta ndoo. Martina hakusikia lolote. Wiki tatu alikuwa amepigana na ngozi, kumbe ngozi ilikuwa mlango tu, na nyuma yake kulikuwa na jambo ambalo hakuna bingwa wa Mwanza wala wa wapi angeweza kulivuta nyuma na kulishona.

"Una miaka mingapi hasa?" Mama Enock aliuliza. Sauti yake haikuwa kali, na macho yake yalikuwa yanaomba jibu fulani.

Ilikuwa rahisi kusema arobaini na nne. Ingempa muda. Ingempa ile Jumamosi.

"Arobaini na nane, mama. Na siku zangu zilikatika mwaka juzi."

Mama Enock aliinuka. Akaenda dirishani akasimama, mgongo wake umegeukia kitanda. Alikaa hivyo mpaka nesi alipokuja na tochi. Nesi akainama, akatazama, akamwita daktari.

Dkt. Masalu akapitisha kidole kwenye mstari. "Haujavuka. Upande wa kulia umeanza kurudi." Kisha akakibonyeza kidevu. "Ila hapa pamekuwa peusi. Kesho au keshokutwa tutajua kama ngozi hii itaishi au itakufa. Ikifa, utabaki na kovu."

"Kubwa?" Mama Enock ndiye aliyeuliza, bila kugeuka.

"Hatujui bado, bibi."

Enock aliingia saa saba, na ovaroli ya kazini na buti, uso umejaa vumbi lenye michirizi. Alipiga magoti kando ya kitanda akamshika mkono, akauweka kwenye paji la uso wake. Alinuka grisi na barabara. Wiki tatu zote Martina alikuwa amemkumbuka mpaka mifupani, na sasa alipomwona mwili wake wote ulitaka kumvuta karibu. Akauzuia.

"Enock. Ulimwambia mama nina miaka mingapi?"

Aliinua kichwa. Akamtazama mama yake dirishani, akarudi kwa Martina. Rangi ikamtoka chini ya vumbi.

"Martina, sasa si wakati..."

"Nimechomwa sindano mbili za kitu kisicho na jina ili nifanane na uongo wako. Wakati ni huu."

"Niliogopa," alisema. "Nilijua wakisikia umri watakataa hata kabla hawajakuona. Nikadhani wakikuzoea, wakikupenda, halitakuwa jambo tena. Sikujua Rhoda atasema vile. Sikujua utaenda huko. Naapa sikujua."

"Hukuuliza. Mimi niliuliza kuna nini, ukaniambia ni mambo ya wazee."

"Ndiyo."

"Ungeniambia ukweli ningelia siku mbili, nikanyamaza. Nisingelala pale."

"Ndiyo," alisema tena, na machozi yakaanguka kwenye shuka.

Martina alivuta pumzi. Swali alilokuwa nalo lilimtisha kuliko mpira wa kooni, lakini akajua asipoliuliza leo atakuwa analiogopa kila asubuhi ya maisha yake.

"Nijibu mbele ya mama yako. Unataka mtoto?"

Pumzi moja ikapita, mbili, tano. Pale dirishani Mama Enock alikuwa amegeuka.

"Nataka," Enock alisema hatimaye. "Nikisema sitaki utajua nadanganya tena. Mwaka jana Marwa, mwenzangu kazini, alipata mapacha. Nilimpa pongezi, kisha nikaenda kukaa kwenye gari peke yangu mpaka zamu ikaisha." Akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Nimejaribu, Martina. Nimejaribu kuiwaza nyumba yenye mtoto, na mama mwingine ndani. Naona kuta tu. Simwoni mtu. Nikikuwaza wewe naona mpaka sufuria ziko wapi. Nilichagua zamani. Uoga wangu ulikuwa kulisema."

Mama Enock alikuja mpaka kitandani. Akachukua kikapu chake. Akamtazama mwanawe, akamtazama Martina, akatoka bila kuaga.

Enock alibaki amepiga magoti.

"Mfuate," Martina alisema.

"Siwezi kukuacha hivi."

"Nina daktari. Yeye hana mtu. Nenda ukamwambie yote kwa mdomo wako, umri wangu, na kwamba ulijua tangu mwanzo. Usimpe nusu, wala mimi usinirudie na nusu."

Akaenda. Kupitia dirisha Martina aliwaona wamesimama uani karibu na bomba la maji. Hakusikia neno. Aliona mama akizungumza kwa mikono yote miwili, na Enock ameinamisha kichwa. Aliona mama akigeuka kuondoka, kisha akarudi, akampiga mwanawe begani kwa kiganja, mara mbili, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Halafu mtu akapita na machela akawaziba, na machela ilipoondoka hapakuwa na mtu.

Alijiambia asiogope. Akaogopa. Aliwaza basi la kurudi Shinyanga peke yake, na darasa la nne wakiuliza mwalimu amefanya nini kidevuni. Akawaza atamwambia nini Generosa.

Enock aliporudi alikuwa peke yake. Aliketi kwenye kiti cha mama yake, akaweka mikono magotini.

"Umemwambia?"

"Yote."

"Amesema nini?"

"Hajakubali." Aliitazama mikono yake. "Amesema hajakubali, na mtu yeyote asimtangazie kwamba amekubali. Wazee hawakai ile Jumamosi. Ameniambia nimemfanya mjinga mbele ya shemeji zake, na hilo hatalisahau haraka."

Martina aliitika kwa kichwa polepole, maana shingo ilikuwa inawaka. Kila neno lilimwingia mahali pake. Hata hivyo hakulia.

"Amerudi Kagongwa?"

"Hapana. Yuko sokoni."

"Sokoni?"

"Anatafuta unga wa mtama." Enock alimtazama kwa uoga, kama mtu asiyejua kama habari aliyoibeba ni njema. "Kaniagiza niulize kama koo lako litapitisha uji, au apike mwepesi zaidi."

Mkono wa Martina ukatoka chini ya shuka, ukaushika ule wa Enock wenye grisi.

"Mwambie bado linauma," alisema. "Ila nitakunywa."